Saa Mbili za Mtoto Anayecheua

Mtoto mchanga kucheua si ajabu. Mlango wa tumbo lake haujakaza. Wengi huacha wakikaribia mwaka mmoja. Lakini yupo yule ambaye karibu kila anachonyonya hukirudisha, hujipinda na kulia, na kwenye kadi ya kliniki mstari wa uzito wake umelala badala ya kupanda. Mama wa huyo asiambiwe "atakua tu". Apelekwe kwa daktari. Akitapika kijani au damu, siku hiyo hiyo. Wala asikorogewe uji kabla ya miezi sita kwa ushauri wa majirani.

Nyumbani hutakiwa kunyonyeshwa kidogo kidogo, mara nyingi, kisha ashikwe wima hadi nusu saa. Je, mwalimu wa Babati ataiweza kazi hiyo? Likizo yake ya uzazi ni siku 84. Hurejea darasani mtoto hajatimiza miezi mitatu, na kucheua huelekea kilele chake mwezi wa nne.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamruhusu kunyonyesha wakati wa kazi, kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku. Wapo wakuu wanaozitoa kwa kununa, kana kwamba ni fadhila. Si fadhila hata kidogo! Ndugu wakuu wa shule na idara, ratiba ya vipindi hupangwa kwa kalamu. Yaweza kupangwa upya. Na anayeishi mjini akifundisha upande wa Dareda, ambaye saa hizo zingemezwa na safari, atengewe chumba, mlezi amletee mtoto huko huko.