URAIA WA DUNIA: CHETI BILA HAKI

Huko Marekani viko vyuo viitwavyo vyuo vya jamii. Masomo yake ni ya miaka miwili, ada ni nafuu, na aghalabu mlango u wazi kwa kila aliyemaliza sekondari. Chuo cha Joliet, jimbo la Illinois, kilianza 1901. Na mwaka 1947 tume ya Rais Truman ikapendekeza vyuo vya namna hiyo vienezwe nchi nzima. Humo husoma watoto wa vibarua, akina mama walezi na wahamiaji. Hilo ni jambo jema, wala hatuna neno nalo.

Neno letu ni juu ya somo la uraia wa dunia, ambalo baadhi ya vyuo hivyo hulitolea cheti. Mwanafunzi huhudhuria mihadhara, huonja vyakula vya kigeni katika sherehe za tamaduni, na mwenye uwezo husafiri ng'ambo siku chache. Kisha huambiwa: sasa wewe ni raia wa dunia.

Raia kwa maana ipi? Uraia si hisia ya moyoni. Ni haki ya kuingia, kukaa na kutofukuzwa. Ni kuwa na hakimu wa kumshitakia anayekudhulumu. Tangazo la Haki za Binadamu la 1948, kifungu cha 13, limempa kila mtu haki ya kutoka nchi yoyote na kurejea kwao. Kifungu cha 14 kinamruhusu anayeteswa kutafuta hifadhi. Ama haki ya kila mtu kuingia nchi ya wengine, haikutajwa. Kutoka ni haki, kuingia ni hisani!

Tazama Minneapolis, penye jamii kubwa ya Wasomali, wakiwemo waliopitia kambi ya Dadaab, Kenya. Januari 2017 amri ya rais iliwazuia raia wa nchi 7 kuingia Marekani, Somalia ikiwemo. Zikafuata nyingine, zikafutwa Januari 2021. Juni 2025 ikaja mpya, na Somalia imo tena. Basi kijana wa Kisomali na aketi darasani afundishwe kwamba dunia ni mji mmoja, ilhali mamaye yuko Dadaab!

Watasema: somo hili humfungua mwanafunzi macho. Tunajibu: kuwajua watu na lugha zao ni kheri, na kuna jina lake, nalo ni elimu. Kwa nini liazimwe jina la haki ambayo chuo hakiwezi kuitoa? Asemwaye kuwa wa kwanza kujiita raia wa dunia ni Diogenes wa Sinope, Mgiriki aliyeishi uhamishoni. Kwake lilikuwa neno la mtu asiye na mji. Leo limekuwa pambo la mwenye pasipoti nzuri.

Mwalimu mkweli aanzie kwenye sheria ya uhamiaji. Raia wa Marekani aliyetimiza miaka 21 aweza kumwombea mzazi wake ruhusa ya kuhamia; mwenye kibali cha ukaazi tu hawezi. Fomu hiyo na iletwe darasani, isomwe mstari kwa mstari, na kila mmoja aone anakwama wapi. Vyakula vya kigeni vinaweza kungoja kipindi kiishe.