Jimbo Si Mali ya Chama

Wako wenzetu wanaodhani kwamba jimbo likizoea kukipa chama kura, basi ni mali yake. Na watazame Georgia, huko Marekani. Chama cha Republican hakikupata kushinda uchaguzi wa Rais humo hata mara moja mpaka 1964. Mwaka huo Rais Johnson, wa Democratic, alitia sahihi sheria ya haki za raia. Wazungu wengi wakamkimbilia Goldwater, aliyeipinga. Mwaka 1976 Carter, mkulima wa karanga na mwana wa Georgia, akalirudisha kwa Democratic. Nao wapiga kura hubadilika: sheria ya 1965 iliwafungulia Weusi njia, vitongoji vya Atlanta vikajaa wahamiaji, na 2020 Biden akashinda kwa kura 11,779 tu. Mwaka 2024 Trump akalitwaa. Twawauliza viongozi wa matawi yetu: waliohamia mtaani kwenu mwaka huu, mmekwisha kuwapigia hodi?