Kisima Chetu Hakihitaji Mfalme

Wasee, juzi niliposti swali dogo tu hapa: mbona ziwa kubwa kuliko yote Afrika linaitwa Victoria? Mmoja akakomenti, "Wewe uliacha chuo, hilo ziwa litakusaidia nini?" Sawa bana. Niliacha kwa sababu karo iliisha, si siri. Kusoma sijaacha, kwa hivyo vuta kiti.

Mwaka 1858 John Speke alifika upande wa kusini wa lile ziwa, huko Mwanza, akalipa jina la malkia wake. Malkia mwenyewe hakuwahi kukanyaga Afrika hata siku moja. Wenyewe walikuwepo, wanavua, wanazaa, wanazika. Wajaluo waliliita Nam Lolwe, Waganda Nalubaale. Ati "liligunduliwa". Halafu mumewe Albert akapewa ziwa lake, mtoto wao Edward lake, na mjukuu George lake. Familia nzima imegawiwa maji yetu kama shamba la urithi!

Mtaniambia kubadilisha jina ni gharama na kelele. Turkana je? Mwaka 1888 lilibandikwa jina la Rudolf, mwana wa mfalme wa Austria. Januari iliyofuata huyo Rudolf alikuwa amekufa, ziwa hajaliona. 1975 Kenya ikalirudishia watu wake. Kuna samaki aliyepotea njia?

Lakini kinachoniuma zaidi si Waingereza. Ni sisi. Nairobi tulifuta barabara ya Princess Elizabeth tukaandika Uhuru, na hapo nawapigia makofi, uhuru ni wa kila mtu. Sasa angalia kilichofuata. Hospitali ya King George VI ikawa Kenyatta. Queensway ikawa Mama Ngina. Yaani malkia alitoka, mke wa rais akaketi palepale kabla kiti hakijapoa. Hapa kwetu, mji umebeba jina la mzee Masaku (hata kama Mzungu alilitamka vibaya likawa Machakos), lakini ukienda uwanjani unakuta Kenyatta Stadium. Idi Amin angalau hakuzunguka: alichukua Ziwa Edward akaliandika jina lake mwenyewe.

Na sisi Wakamba hatukuwa na mfalme! Mambo yaliamuliwa na wazee wa nzama. Hii tabia ya kuabudu majina tumeiokota wapi?

Muulize susu yeyote hapa Kithimani maana yake nini. Kithima ni kisima. Kithimani ni pale penye kisima. Mtu akitoka mbali na ng'ombe wake, koo limekauka, akisikia hilo jina tayari anajua aelekee wapi. Hilo ndilo jina lenye kazi. Victoria inakuelekeza wapi?

Sasa nije kwa kilichoniwasha. Kuna kisima kimechimbwa kijijini kwetu, pesa ya umma. Maji hayajatoka hata mtungi mmoja, lakini bango liko juu tayari, limepakwa rangi vizuri, jina la mheshimiwa fulani kwa herufi kubwa kuliko mlango wa kanisa. Yaani hapa Kithimani, mahali palipoitwa kisima kabla babu yake hajazaliwa, kisima kinapewa jina la mtu!

Wengine mnasema "amesaidia, mpe heshima yake". Asante tutampa. Lakini mitaro ya mabomba tumechimba sisi vijana, mimi nikiwemo, malengelenge ninayo mkononi. Kina mama ndio walitupikia. Mbona hamna bango la mama hata mmoja? Na akishindwa kura, atakayemfuata si atafuta jina aandike lake? Watoto wetu watakuwa wanateka maji kwa jina jipya kila miaka mitano.

Ijumaa kamati ya maji inakutana. Naenda. Nitapendekeza kiitwe jina la ule mwembe ulio kando yake, maana ndivyo watu wanavyokiita tayari: "twende pale mwembeni." Wa Kithimani mnaosoma hii, kujeni saa nne. Simu yangu itakuwa na chaji.