Nyuso za wanafunzi zisiwe uwanja wa majaribio

Muhula mmoja uliopita, msichana wa kidato cha tatu aliingia darasani mwangu hapa Kimulot akiwa amejitanda kitambaa usoni. Nilidhani ni utovu wa nidhamu, nikamwamuru akiondoe mbele ya wenzake. Alipokiondoa, darasa zima liliangua kicheko. Mashavu yake yalikuwa yamebabuka, yamevimba na kuiva mithili ya mtu aliyemwagikiwa na maji moto. Siku hiyo mimi ndiye niliyekosa, wala si yeye.

Nilipomwita faraghani alinisimulia yaliyomsibu. Alikuwa na chunusi chache, akaenda saluni moja sokoni kutengenezwa uso. Huko alifukizwa mvuke, akasuguliwa kwa chengachenga, kisha akauziwa krimu isiyo na maandishi yoyote. Kwa wiki mbili uso uling'aa, hata wenzake wakamwonea kijicho. Baadaye akagundua kwamba kila alipokosa kujipaka, uso uliwaka kama uliopakwa pilipili. Alipojipaka tena, moto ulizimika. Kumbe dawa iliyozima ndiyo iliyowasha!

Ndugu msomaji, huo ndio mtego wa krimu zenye steroidi kali kama vile klobetasoli na betamethasoni. Hizi ni dawa halali ambazo daktari huziandika kwa maradhi maalumu na kwa muda mfupi. Zikipakwa usoni kiholela kwa miezi, ngozi hukonda, mishipa midogo ya damu hutanuka, vipele huzuka, na mtumiaji hawezi kuacha bila kuungua. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Wapo watakaoniambia kwamba huu ni upuuzi wa wasichana wapendao urembo, na kwamba serikali imekwisha kupiga marufuku vipodozi hatari. Ni kweli kwamba mwaka 1998 Shirika la Ubora wa Bidhaa nchini (KEBS) lilitangaza orodha ya vipodozi vilivyopigwa marufuku kwa sababu ya zebaki na haidrokwinoni. Ni kweli pia kwamba Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, uliopitishwa mwaka 2013, ulianza kutekelezwa mwaka 2017. Lakini marufuku ya karatasini hayamfikii mchuuzi anayepima krimu kwa kijiko siku ya soko. Zebaki hudhuru figo na neva. Haidrokwinoni ikitumiwa kwa muda mrefu yaweza kuacha madoa meusi ya samawati yasiyofutika. Anayeuziwa kopo lisilo na jina atajuaje amejipaka kipi kati ya hivyo?

Tena kuna jambo ambalo sisi walimu hatuna budi kulifahamu. Picha nyingi za vitabuni huonyesha ngozi nyeupe iliyogeuka nyekundu. Katika ngozi yetu nyeusi wekundu huo hujificha: uso huonekana umeiva tu, au hugeuka rangi ya zambarau au kahawia iliyokolea. Dalili ya kutegemewa ni kauli ya mwenyewe kwamba anawashwa, anachomwa au ngozi inamkaza. Mwanafunzi akisema hivyo, tumsadiki hata kama macho yetu hayaoni chochote.

Mazingira yetu nayo yana mchango. Nchi hii ya majanichai, kutoka Kericho hadi Konoin, imeinuka. Mji wa Kericho wenyewe uko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kadiri mtu anavyopanda mlima ndivyo miali ya jua inavyozidi ukali, takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000. Ubaridi wa asubuhi na ukungu hutuhadaa tukadhani hakuna jua, ilhali miali hiyo hupenya mawingu. Ngozi iliyokwisha kukondeshwa na krimu haiwezi kuistahimili.

Sisemi kwamba saluni zote ni mbaya, wala simchukii fundi anayejitafutia riziki. Fundi anayeijua kazi yake humwuliza mteja kwanza anatumia nini na ngozi yake humwasha lini. Hujaribu kitu kipya ndani ya mkono na kungoja siku moja au mbili kabla ya kukigusisha usoni. Kwa ngozi nyepesi kuwaka, huacha mvuke, kusugua, manukato, spiriti na maji ya limau. Hutumia maji ya uvuguvugu, sabuni isiyo kali, mafuta ya mgando yasiyo na harufu, na humshauri mteja avae kofia pana. Na akiona uso uliobabuka, humwambia ukweli: hii si kazi yangu, nenda hospitali.

Je, hospitalini atamkuta nani? Hapo ndipo penye kidonda. Madaktari wa ngozi wamejazana mijini. Tangu mwaka 1992 kipo kituo cha mafunzo ya tiba ya ngozi mjini Moshi, Tanzania, kinachowafunza hata maafisa wa tiba wasio madaktari, ili huduma iwafikie watu wa mashambani. Kwa nini kaunti zetu za Kericho na Bomet zisiwafadhili vijana wachache wakasomee huko au kwingineko, wakarudi kuhudumu katika vituo vyetu vya afya?

Msichana yule alipelekwa hospitali, akaachishwa krimu hatua kwa hatua chini ya uangalizi. Ilichukua miezi mingi. Uso umepoa, ingawa jua bado humchoma upesi.

Walimu wenzangu, tulifundishe jambo hili katika somo la bayolojia, na tusimwaibishe mtoto kwa kitambaa chake kabla ya kumwuliza kilichomsibu. Nanyi wanafunzi, msijipake kisicho na maandishi, hata kikisifiwa na rafiki. Wahenga walinena kwamba majuto ni mjukuu. Mimi yangu nimekwisha kuyaona, na bado nakisikia kicheko cha darasa lile.