Rubani Asiye na Ndege

Mwaka 1977 Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilipovunjika, wafanyakazi wake, marubani wakiwamo, walipoteza ajira. Mwezi Machi mwaka huohuo Serikali ikaunda Shirika la Ndege Tanzania. Desemba 2018 Fastjet iliposimamisha safari zake nchini, ajira za vijana wengine ziliingia mashakani. Wako wanaowacheka vijiweni. Sisi hatumo.

Hapa Mbamba Bay mwera ukivuma, mvuvi hupandisha mtumbwi mchangani akashona nyavu. Haoni haya, na ndugu zetu wa visiwani wanayajua hayo kwa kusi yao. Kadhalika rubani kijana akifundisha hisabati au akiuza usipa, hajauacha urubani.

Lakini nyavu hungoja, leseni haingoji. Asiyeruka na kutua angalau mara 3 katika siku 90 haruhusiwi kubeba abiria, na cheti cha afya huhuishwa kila mwaka, kwa fedha. Asiye na mshahara atazitoa wapi? Tunawaomba wakuu wa usafiri wa anga wawapatie vijana hawa saa chache za kuruka, na wawalipie cheti hicho walau mwaka wa kwanza.