ROHO YA ASKARI

Kila ifikapo Julai 25 taifa letu huwakumbuka mashujaa wake. Mkuki na ngao huwekwa mnarani, tarumbeta hulia, kisha kila mtu hurudi kwake. Leo twawauliza ndugu zetu wa Njombe na Makambako, pamoja na wafanyakazi wote: shujaa huyo ni nani hasa?

Watu wa Njombe wana haki ya kulijibu swali hili. Septemba 1905, katika Vita vya Maji Maji, Wabena chini ya Mtwa Mbeyela waliishambulia misheni ya Wajerumani ya Yakobi, karibu na Njombe. Walikwenda kwa mikuki na kwa imani ya maji, wakapokewa kwa risasi, wakarudishwa nyuma. Hawakukosa ushujaa. Walikosa silaha, na walikosa amri moja, maana kila kabila lilipigana kwa saa yake. Adui akachoma vijiji na vyakula. Katika nchi zote zilizoinuka walikufa watu wanaokadiriwa kuwa kati ya 200,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa.

Idi Amin alipoivamia Kagera mwaka 1978, mambo yalikuwa mengine. Mbena, Mhaya, Mkurya na Mmakonde walivaa sare moja na kutii amri moja. Jeshi la Wananchi likajazwa mgambo na vijana wa JKT, na Aprili 11, 1979 Kampala ikatekwa. Moyo ulikuwa ule ule wa Yakobi. Safari hii ulikuwa na silaha, nidhamu na umoja.

Vita vilipokwisha, mgambo wengi waliweka bunduki chini, wakarudi kulima. Hapo ndipo twaiona roho ya askari. Mtu aliyefundishwa kuua, awe komando au mgambo, akarejea kwa jirani zake kwa amani, amejishinda nafsi yake. Na huo ni ushindi mkubwa. Basi kijana anayempiga mwenziwe kwa sababu ya tofauti za siasa asijiite askari. Huyo ni mhuni tu.

Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1978 sasa amepita 65. Pale Makambako, panapokutana reli ya TAZARA na barabara ya Songea, mzee kama huyo aweza kupita sokoni pasiwe na amjuaye. Hii ni aibu yetu. Kila tawi na liwatafute wazee hawa, lihakikishe kuwa wanatibiwa, na walimu waandike habari zao kabla hawajazikwa nazo.

Wahenga walisema: mcheza kwao hutunzwa. Hawa waliicheza ngoma ya risasi kwa ajili ya kwao. Tuwatunze wangali hai, tusingoje kuwapigia tarumbeta.