Kabla hujanunua chujio, pima maji

Huku Arumeru kuna biashara imeshamiri. Vijana wawili nadhifu wanapiga hodi mchana na kuomba glasi mbili. Moja wanaijaza maji ya bomba, nyingine wanamimina maji ya chupa waliyokuja nayo. Wanatumbukiza kifaa chenye vijiti vya chuma, wanakichomeka kwenye umeme. Muda si mrefu maji ya bomba yamegeuka kahawia, yana povu na mabonge yanayoelea. Ya chupa yametulia tuli. "Mama, haya ndiyo wanayokunywa watoto wako." Mwenye nyumba anashika kifua. Jioni napigiwa simu: fundi, njoo unifungie mashine, nimeshatoa advansi.

Mimi ni fundi bomba, na kufunga mashine hizo ni sehemu ya riziki yangu. Hata hivyo, mchezo ule wa glasi unanikera. Kutu unayoiona ni kutu kweli, ila imetoka kwenye vijiti. Umeme ukipita katika maji yenye madini, chuma kinaliwa na kuachia kutu. Maji ya ile chupa yameondolewa karibu madini yote, umeme haupiti vizuri, basi chuma kinabaki salama. Siku moja niliwakuta wauzaji hao kwa mteja wangu wakiwa katikati ya onyesho. Nilimwomba mama chumvi, nikatia nusu kijiko kwenye glasi yao safi, nikawaambia warudie. Ilichafuka kuliko ya bomba. Mama aliwatazama, akaniambia, "Fundi, kumbe chumvi yangu nayo ni sumu?" Wale vijana walikuwa wanakunja waya.

Kinachouma zaidi ni kwamba maji ya upande huu wa Mlima Meru yana shida ya kweli, na vijiti havionyeshi shida hiyo. Miamba ya volkano inaachia floraidi kwenye chemchemi, mito na visima. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Inajulikana kwa meno: mtoto anayeinywa kwa wingi wakati meno ya utu uzima yanajengeka, takriban hadi miaka minane, meno hayo yanaota na madoa ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki wala mkaa. Penye kiwango kikubwa, na kwa miaka mingi, inaingia kwenye mifupa, miguu inapinda na mgongo unakakamaa. Kijana wa kwetu akienda Dar es Salaam akacheka tu, anaulizwa kama ametoka Arusha. Wengine wamejifunza kucheka wakiwa wameziba mdomo kwa kiganja.

Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Nchi yetu iliwahi kuvumilia hadi 8, kisha hadi 4, kwa sababu vijiji vingi havikuwa na maji mengine ya kunywa. Naielewa sababu hiyo, ingawa meno ya mtoto hayasomi waraka wa viwango.

Sasa turudi dukani. Mteja anaomba "chujio zuri" na muuzaji anampa lililopo. La ndoo mbili lenye mshumaa wa kauri ni zuri kwa tope na vijidudu, lakini floraidi inapita humo kama hakuna kitu. Chujio la mkaa linaondoa harufu na klorini, floraidi nayo inapita. Dawa ya klorini inaua vijidudu, basi. Kuchemsha ndiko kunakodanganya wengi: maji yanapungua sufuriani kwa mvuke, floraidi inabaki palepale, kwa hiyo kila lita iliyosalia inakuwa nayo zaidi kidogo. Chemsha kwa ajili ya kuharisha na taifodi, usichemshe kwa ajili ya meno. Na ukimaliza kuchemsha maji, angalia unachotia kwenye maharage: magadi tunayolainishia nayo yana floraidi yake.

Vinavyofaa vipo. Mashine zenye utando, zinazosukuma maji kwa presha, zinaondoa floraidi kweli. Ndiyo hizo wanazouza wale vijana, na hapo ndipo ninapowashangaa: wana kitu chenye kazi halali, wanakiuza kwa mazingaombwe. Kwa kuwa uwongo ndio unaouza, wanampelekea pia mtu wa Moshi mjini, ambako maji ya chemchemi za Kilimanjaro yanasifika, na wengine wanafunga mitungi mitatu ya mkaa bila utando wowote kwa ahadi ileile. Kalamu ya kupimia waliyo nayo mfukoni inahesabu chumvi zote kwa pamoja. Haijui ipi ni floraidi, na vijidudu haivioni kabisa. Mashine halisi nayo ina gharama: kwa kila lita unayokunywa, lita mbili, tatu au zaidi zinamwagwa. Pale mgawo unapokuja mara mbili kwa wiki, hilo si jambo dogo. Mimi hufunga mpira wa maji hayo uende kwenye ndoo ya kudekia.

Njia ya pili ni mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe inachomwa kwenye tanuri lenye hewa kidogo, inasagwa kuwa chenga, maji yanapitishwa humo na floraidi inanaswa. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, kilicho chini ya Wizara ya Maji, kimeifanyia kazi njia hii kwa miaka mingi, na kipo hapa jirani tu. Watu huniuliza kama ni mifupa ya mnyama halali. Ni swali la haki, na anayeuza ajibu bila kununa. Mimi nina swali jingine: nani atakuja kuibadilisha? Chenga zikishiba hazinasi tena, na ladha ya maji haibadiliki hata kidogo. Nimeona ndoo za aina hii zimepambwa kitambaa cha kufuma, familia inakunywa kwa imani, na hakuna anayekumbuka zilijazwa lini.

Kwa hiyo naomba mambo ambayo hayahitaji mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Anayeuza chujio aandike kwenye boksi, kwa Kiswahili, linaondoa nini, haliondoi nini, na libadilishwe baada ya lita ngapi. Anayetuletea ankara ya maji aweke mstari mmoja wa kiwango cha floraidi cha eneo hilo. Kipimo si siri ya serikali. Na wewe mwenye kisima chako, chukua chupa safi uende maabara ya ubora wa maji kabla ya kuniita. Nitakosa kazi kadhaa, najua. Mke wangu ameshanikumbusha.

Wateja wengi sasa nawaambia waanze na bati. Mvua haina floraidi ya mlima. Familia ya watu sita ikitenga lita 20 kwa siku za kunywa na kupikia tu, tanki la lita 5,000 linakwenda siku 250, na masika ya huku yanalijaza bila shida. Ya kuoga na kufulia yaendelee kutoka bombani, floraidi haiingii kwa ngozi. Unahitaji gata, wavu wa kuzuia majani, bomba la kumwaga maji ya kwanza yanayoosha vumbi na mavi ya ndege, na mfuniko unaofunga. Hayo ndiyo maji ya kuchemsha, au ya kupitisha kwenye lile chujio la mshumaa ulilokwisha kununua.

Halmashauri nayo, ikitaka kuvuna mvua, ingeanza na madarasa ya awali na la kwanza katika shule zinazouzunguka mlima, kwa sababu meno ya watoto hao bado yanajengeka. Bati zipo, nyingine zina gata tayari. Kinachokosekana ni tanki lenye mfuniko, koki, na mtu aliyepewa kazi ya kusafisha wavu kabla ya mvua.